Mwanamke Tuliyemtunga Juu ya Dungu

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa niisahau, mwanangu, lakini imenikatalia. Ni siku Habiba alipopita nyumba hadi nyumba na maziwa yake, na kijiji kizima kikamfungia milango. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, nachungulia. Alibisha kwa shangazi yangu, akabisha kwa jirani, akangoja, akajitanda upya mtandio wake, akaondoka. Sikutoka. Nilijua kwa nini milango imefungwa, maana aliyeifunga ni mimi.

Nasikia umepewa darasa la watoto uwafundishe kutunga hadithi, na kwamba unataka waanze na wahusika. Ni kazi njema. Lakini mimi ni mtu wa kushuku tangu usichana wangu, na kazi hiyo naishuku kuliko nyingine zote. Kwa hiyo kaa kidogo. Chai ipo, na huko uendako hakukimbii.

Ilikuwa miaka ya hamsini, zama za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Malori yaliyofunikwa turubai yalipita Garsen, tukaambiwa yamebeba watu wa bara waliofungwa, na askari walimdai kila mgeni karatasi zake. Mambo ya bara hatukuyaelewa sana, lakini kushuku tulijifunza upesi. Mtu akikohoa njiani, tuliulizana amekohoa kwa nini. Nami nilikuwa na miaka kumi na saba, nimesoma shule ya misheni kidogo tu, kiasi cha kumfanya mtu ajione anajua. Kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ngao, walinitania kwa kuniita mwalimu, na mimi nilidhani wananisifu.

Mpunga ulipoanza kutia punje nikakabidhiwa watoto kumi na wawili wa kuamia ndege. Dungu unalijua: kichanja kilichoinuliwa kwa miti katikati ya shamba, watoto wakakaa juu wakipiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo ili ndege wasimalize mavuno. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu ndege hachoki. Ili wasisinzie, nikawafundisha kutunga watu wa hadithi. Hilo neno lenu la wahusika hatukuwa nalo. Nikawaambia: tazameni wapita njia, mchague mmoja, kisha mseme ana ubaya gani uliofichika. Ndivyo nilivyofundisha, mwanangu, sikufichi. Sikuwaambia waseme ana nini, niliwaambia waseme ana ubaya gani.

Habiba alipita chini ya dungu letu kila baada ya siku mbili. Alikuwa mama wa Kiorma kutoka ng'ambo ya mto. Mzee Buya, mvushaji wetu, alimvusha kwa mtumbwi, naye akaja kubadilisha maziwa kwa mpunga na mahindi, kibaba kwa kibaba. Wao wafugaji, sisi wakulima. Tangu enzi za mababu tunahitajiana na kunung'unikiana. Alibeba vibuyu vinne. Vitatu aliviuza. Cha nne hakukifungua kamwe mbele ya mnunuzi, hata abembelezwe vipi. Alitikisa kichwa tu, akarudi nacho.

Aliyeuliza ndani mna nini ni Rehema, msichana wa miaka tisa, ulimi wake mwepesi kuliko wenzake wote. Hakuna aliyejua. Mmoja akasema mna moshi. Rehema akasema hapana, mna sauti za watoto: yule mama humwita mtoto jina lake, na mtoto akiitika, sauti inaingia kibuyuni naye anabaki bubu. Nikafurahi. Nilimsifu mbele ya wenzake, kisha nikatia na chumvi yangu: kwamba sauti hizo hupelekwa nyikani, fisi wakazinunua ili wapate kucheka kama watu. Wiki ile hakuna aliyesinzia dunguni. Nilijiona fundi.

Siku chache baadaye mtoto wa jirani akashikwa na homa, koo likavimba, sauti ikakauka kabisa. Mama yake alipokuwa akimkanda, mwanawe mkubwa, mmoja wa watoto wangu wa dunguni, akamwambia kwamba mwenye vibuyu ndiye aliyeichukua. Kabla jua halijatua kijiji chote kilikuwa nalo. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Methali hiyo watu wanaipenda kwa kuwa inawapunguzia kazi ya kuuliza. Hakuna aliyesema ni hadithi ya watoto. Walisema watoto wameona. Wakaanza kukumbuka: fulani aliwahi kuugua baada ya kunywa maziwa yale, fulani mbuzi wake aliharibu mimba siku Habiba alipopita. Na hili ndilo linalonitia aibu hadi leo: mimi niliyejua hadithi ilikotoka, mimi niliyeitilia chumvi, nami nikaanza kuamini. Nilipomsikia akiwasalimu watoto kwa majina yao, niliwaambia wasiitike.

Ndipo ikaja siku ya milango kufungwa. Habiba alipoondoka, vijana wakakaa kivukoni wakaapa kwamba akirudi watavunja vibuyu vyake na kumrudisha kwa bakora. Nilijua maana yake. Ng'ambo alikuwa na mume na mashemeji, na mikuki haikuwa ya pambo. Hata kama hakuna ambaye angeinua mkuki, wanawe walikula nafaka yetu, na wachanga wetu walikunywa maziwa yake. Zilibaki siku mbili tu kabla hajarudi.

Jioni hiyo Mzee Buya akaja shambani. Watoto walikuwa wamempigia kelele Habiba akiwa ndani ya mtumbwi wa mzee huyo, naye mzee alikuwa ameyasikia yote. Hakupanda dunguni. Alisimama chini, akaniita nishuke.

"Huyo mtu wenu wa vibuyu," akaniuliza, "anapenda nini?"

Nikajibu kwamba anapenda sauti za watoto.

"Hilo ni la kuwatisha wadogo. Mimi nakuuliza anapenda nini. Anaogopa nini? Akiumwa, nani humpa maji?"

Nikainama kuokota kombeo la mtoto.

"Basi hujawafundisha kutunga mtu, binti yangu. Umewachongea fimbo, na sasa wamepata mgongo wa kuipigia."

Akaenda zake. Unadhani nilitubu papo hapo? Nilimshuku na yeye. Nilijiambia, huyu mzee ana lake jambo, lazima anapewa maziwa ya bure. Mwenye tabia ya kushuku akikosa jibu hutafuta kosa kwa aliyeuliza, na mimi nilikuwa bingwa wa mchezo huo. Lakini usiku nilijikuta nikiyarudia maswali yake.

Kesho yake nikawauliza watoto maneno yaleyale. Anapenda nini? Anaogopa nini? Wakashusha madebe yao, na ndege wakapata nafasi yao. Kisha mmoja akasema labda anaogopa mamba pale kivukoni, maana hukaa katikati ya mtumbwi na kukumbatia magoti. Mwingine akasema anapenda kumaliza mapema kabla ya jua kali. Walikuwa wamemwona siku zote, mwanangu, ila hawakuwa wameulizwa. Nikafika kwenye kibuyu cha nne. Rehema akakuna kichwa.

"Mimi sijui, dada," akasema. "Kwani hatuwezi kumwuliza?"

Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini katika kijiji kizima cha watu wazima hakuna aliyelifikiria hilo. Nikamwomba Mzee Buya atuvushe, mimi na Rehema. Alituvusha siku hiyohiyo.

Habiba alikuwa nje ya nyumba yake ya nyasi, anafukiza vibuyu kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Alipotuona, wanawe wakarudi nyuma yake. Hakutufukuza. Alitutandikia ngozi, akamimina maziwa katika kikombe cha bati. Kisha, kabla hajanipa, akanywa yeye kwanza, mafunda mawili, huku ananitazama machoni. Ndipo akaninyooshea kikombe. Mwanangu, nimekanywa na kukaripiwa mara nyingi maishani, lakini hakuna karipio lililoniuma kama mafunda yale mawili. Alikuwa ananionyesha kwamba maziwa yake hayaui.

Rehema akauliza, kwa sauti ndogo, kile kibuyu cha nne ni cha nini.

"Ile yangu," Habiba akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi natembea asubuhi mpaka adhuhuri. Kurudi, mbali. Mimi pia nasikia njaa."

Kumbe ndiyo hayo tu. Tulikuwa tumempa uchawi, tukampa fisi na nyika nzima, na hakuna aliyempa njaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tulikuwa tumekaa juu ya mpunga wetu tukimtunga. Nililia mbele ya mtoto, bila haya. Nikamweleza yote, na kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe. Aliuliza tu kama akija kesho watampiga.

Tuliporudi, nikapita njia ileile aliyopita, mlango kwa mlango, nikisema mimi ndiye niliyeanzisha. Shangazi yangu akaniambia nimelishwa maziwa nikapumbaa. Yule mtoto mgonjwa alikuwa amepelekwa hospitali Ngao, akapata dawa ya koo na sauti ikaanza kurudi. Waliokuwa wagumu wakasema Habiba ameirudisha kwa woga. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliyaona kwa macho yangu.

Siku ya pili vijana walikuwa kivukoni na bakora zao. Mtumbwi ulipogusa ukingo, Rehema akaniponyoka mkononi, akasimama mbele ya Habiba, akiwa hafiki hata mabegani mwa wale wanaume.

"Nilitunga mimi," akasema. "Ndani mna chakula chake. Anasikia njaa kama nyinyi."

Mmoja akacheka, mwingine akatazama chini. Ni vigumu kumpiga mtu ukishaambiwa kwamba hajala. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya ana shughuli kwingine. Habiba akauza vibuyu vitatu siku ile, japo si kwa milango yote.

Lakini mahali popote alipouza, alimimina kwanza kidogo, akanywa mbele ya mnunuzi, ndipo akapima. Hakuna aliyemwagiza. Alifanya hivyo miaka na miaka, hata wale waliomfungia milango walipozeeka na kumwita dada. Alipochoka miguu, binti yake akashika kazi, naye akawa anakunywa kwanza. Siku moja nikamwuliza kwa nini. Akasema hajui, ndivyo mama alivyomfundisha, labda ni mila yao. Mwanangu, haikuwa mila ya mtu yeyote. Ilikuwa hadithi yangu ya dunguni, na ilikuwa bado inanywa maziwa yake.

Kwa hiyo nenda ukafundishe, sikukatazi. Watoto watunge watu wabaya pia, kwa sababu wabaya wapo, na hadithi isiyo na mbaya ni uji usio na chumvi. Ila usimruhusu mtoto amwandike mtu kabla hajajua mtu huyo anataka nini, na anaogopa nini, na nani atamlilia akipotea. Akikwama, asijaze pengo kwa shaka yake, aende akaulize. Akimchukua jirani wa kweli, ambadilishe hata jirani mwenyewe asijijue. Na wewe mwalimu, chunga unachosifu, kwa maana mtoto atakifuata hichohicho ulichokisifu. Mimi nilisifu shaka nikaivuna, na kuna mwanamke aliyeila pamoja nami bila kuipanda.

Mungu akujaalie masikio marefu kuliko ulimi, akupe wanafunzi wanaouliza kama Rehema alivyouliza, na kila mtu watakayemtunga mikononi mwako apate chakula chake na njia ya kurudi nyumbani. Haya, nenda, darasa lisikungoje.