Beseni la Wakwe

Maseno wakati wa likizo ndefu ni mji usio na kazi, na ningelijua hilo mapema kama ningetumia ile akili niliyokuwa nikisifiwa nayo kijijini. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mitihani ilipoisha wenzangu walifunga magodoro yao kwa kamba wakaenda kwao, mimi nikabaki nikijiona mjanja. Nilipiga hesabu rahisi: wanafunzi wameondoka, kwa hiyo vibarua vyao vimebaki wazi, na mimi ndiye niliyepo. Sikufikiria kwamba vibarua vyenyewe viliondoka nao. Mwenye fotokopi alikuwa akiwatolea wanafunzi nakala, kinyozi akiwanyoa wanafunzi, mwenye vyumba akiwapangisha wanafunzi. Chuo kilipofungwa, mji mzima ulikaa mlangoni ukipiga miayo.

Niliingia duka baada ya duka. Kwenye fotokopi nilimkuta mwenyewe amelalia mashine yake, akaniambia bila kufungua jicho la pili kwamba nirudi chuo kikifunguliwa. Duka la dawa walitaka mtu aliyesomea dawa. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenyewe, mzee mmoja mtaratibu, aliniuliza nasomea nini. Nikamwambia jiografia. Akatafakari kidogo, kisha akauliza kama jiografia inaweza kubeba simiti. Mfuko wa kwanza niliubeba. Wa pili ulinishinda njiani, ukanipeleka chini mbele ya wateja, nao wakanicheka kwa haki. Mzee yule hakucheka. Alinipangusa vumbi mgongoni, akanishukuru kwa kujaribu, na upole wake uliniuma kuliko goti langu.

Nikashuka Kisumu, nikajaribu kule ziwani kwenye vibanda vya samaki. Mama mmoja alinipa kisu na ngege mzima, akaniambia nimparue. Kwetu ni juu, mbali na maji, na samaki alikuwa akitufikia akiwa tayari amekaangwa. Nilimparua huyo ngege kutoka kichwani kwenda mkiani, magamba yakakataa kutoka, kisha samaki akaniponyoka akaanguka chini ya meza. Wale kina mama waliitana waje waone. Mmoja akaniuliza mimi ni mtu wa ziwa gani nisiyejua magamba yanaelekea wapi. Nilicheka pamoja nao, maana ukichekwa na watu wengi njia rahisi ni kujiunga, lakini nilipanda kutoka pale ziwani masikio yakiwaka moto.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda tu nyumbani. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa kuchunga na mama ambaye angefurahi kuniona. Lakini siku niliyoondoka kwenda chuo, ukoo wetu mzima ulikuwa umenisindikiza hadi barabarani. Waliniombea, wakanishika kichwa mmoja mmoja. Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo Mama alisimama peke yake akipokea pongezi, na tangu siku hiyo kila alipopita walimwita Mama Chuo. Kurudi kushika fimbo nyuma ya ng'ombe kungewafanya watu wamuulize maswali, naye angetafuta majibu. Nilitaka apate jambo la kusema kunihusu, hata dogo. Hilo ndilo lililonizungusha juani.

Aliyenikomboa alikuwa mama muuza chapati aliyekuwa na kibanda karibu na lango la chuo. Nilipomwomba kazi alinitazama kama mtu aliyesikia mzaha.

"Sasa wewe ndio kastoma yangu," akasema. "Nikikuandika, nitauzia nani?"

Kisha akanionea huruma. Akaniambia chuo hufungwa, lakini watu hawafungi kufa, na kama nataka kazi ya uhakika nitafute watu wa matanga. Alimjua mama mmoja pale Mamboleo, pembeni mwa Kisumu, aliyekuwa akikodisha tenti, viti na sufuria, na kuwapikia waombolezaji. Nilikwenda kesho yake. Mama Tenti, kama tulivyomwita, alikuwa amekuja kutoka Kenya ya kati akiwa msichana na kukaa Kisumu mpaka akawa anatukana kwa Dholuo. Alinikagua kuanzia kola hadi viatu, akasema nina mikono ya mtu asiyefanya kazi lakini angalau ni safi. Nikaajiriwa.

Jioni ile nilimpigia Mama simu. Nilisema, "Nimepata kazi Kisumu," basi. Hakuuliza ni kazi gani. Alisema Mungu ni mwema, akampa jirani simu ili naye asikie. Kufikia Jumapili kanisani kazi ilikuwa imepata ofisi, na wiki iliyofuata ofisi ikapata kompyuta. Mimi sikuijenga ofisi hiyo. Ilijengwa kule nyumbani na watu walionipenda, na kila nilipopiga simu nilikuta imeongezwa chumba. Niliona haya kuibomoa.

Kazi yenyewe niliijua upesi. Siku za katikati ya wiki tulisugua sufuria na kushona tenti zilizochanika. Alhamisi na Ijumaa tulipakia lori, na Jumamosi tulizika. Namaanisha tulisimamisha hema za watu waliokuwa wakizika, lakini ndivyo tulivyosema miongoni mwetu: leo tunazika wapi? Nilijifunza kupanga viti kwa mstari ulionyooka na kubeba sinia juu ya vichwa vya watu wanaolia. Mama Tenti alinipenda kwa kuwa nilizungumza taratibu na shati langu lilikuwa na pasi. Akaanza kunipa wageni wa heshima.

Ndipo Mama alipopiga simu kuniambia kuna msiba kwa wakwe, kule ng'ambo ya Sondu alikoolewa dada yangu. Aliyefariki alikuwa kaka mkubwa wa baba mkwe wake. Ukoo wetu ungekwenda Jumamosi. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, kama ofisi ingeniruhusu. Nikamwambia Jumamosi ndiyo siku yenye kazi nyingi. Huo ulikuwa ukweli mtupu, naye akaridhika.

Jumamosi yenyewe nilikuwa nimepangiwa matanga ya karibu, lakini asubuhi kijana wa kundi jingine hakutokea, Mama Tenti akanihamishia kwenye lori la kundi hilo, naye akapanda mbele. Nilisikia dereva akitaja Sondu. Nikajiambia Sondu ni kubwa na kila Jumamosi huko huzikwa watu. Kwa dada sikuwahi kufika. Alipoolewa nilikuwa shule ya bweni, na kwetu mtu haendi kwa wakwe ovyo ovyo. Kwa hiyo tulipoingia kwenye lile boma, nikashuka na kuanza kupiga vigingi, sikuona chochote cha kunishtua. Nilianza hata kupiga mluzi.

Dada ndiye aliyeniona. Alitokea upande wa jikoni, leso kiunoni, macho mekundu ya moshi, na nyundo ikaniganda mkononi. Hakunisalimu. Alinivuta nyuma ya lori.

"Unafanya nini hapa na fulana ya watu wa tenti?" akauliza. "Mama na watu wetu wako njiani. Unataka hawa waseme ndugu yangu amekuja kulipwa kwa kilio chetu?"

Alikuwa na haki. Kwetu watu wa upande wa mke, oche, wakija kwenye msiba huja na kitu mkononi, na wakishafika hawanyanyui hata kikombe. Huketi, hunaweshwa, hulishwa, husindikizwa. Heshima ya binti yao katika boma lile inakaa juu ya viti hivyo. Sasa mimi, ndugu wa kuzaliwa naye, nilikuwa nimewatangulia watu wetu, mikono mitupu, kupokea ujira. Dada angeishi na hilo jikoni kwa mama mkwe wake miaka yote. Akaniambia niingie kwenye lori nisitoke mpaka watu wetu wameondoka, kisha akakimbia kwa kuwa alikuwa anaitwa.

Niliingia kwenye lori. Nilikaa kati ya viti vilivyobaki nikiwasikia watu wetu wakiwasili. Niliwatambua kwa wimbo, na ndani ya wimbo niliitambua sauti ya Mama, inayochelewa kidogo kila mstari. Nilifunika uso kwa mikono. Sikumbuki kama niliomba, lakini ningekuwa mtu wa kuomba ningeomba mvua.

Mama Tenti alinikuta humo. Alikuwa anatafuta mtu wa kuhudumia wakwe. Alisema wamekwisha kuingizwa kwenye nyumba ya jirani, maana mama wa mke hali chakula katika nyumba ya binti yake, na chakula kiko tayari. Nilihitaji kusema maneno machache tu: wale ni watu wetu. Mama Tenti alikuwa mwelewa na mila za ziwa alizijua, angenificha yeye mwenyewe. Lakini kusema vile kungekuwa kumwambia pia kwamba kazi yake ndiyo iliyonitia haya, kazi aliyonipa mji mzima wa chuo uliponinyima. Maneno hayakutoka. Nikasema tumbo linaniuma. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akasema tumbo la umri wangu huponywa na kazi. Akanipa jagi, beseni na taulo begani.

Walikuwa wameketi kuzunguka ukuta. Baba mdogo alikuwa karibu na mlango, halafu wazee wawili wa ukoo, halafu majirani zetu wa kanisani, na Mama mwisho kabisa, karibu na dirisha. Kwenye kiti cha katikati aliketi mzee wa boma aliyetumwa kula nao. Nilisimama mlangoni na jagi langu. Wote waliniona kwa wakati mmoja. Nilingoja sauti ya kwanza iniite jina, nikajua ikishatoka hakuna kitakachorudishwa.

Baba mdogo alinyoosha mikono.

Nikamimina. Alinawa, akajipangusa kwa taulo langu, akaendelea na hadithi aliyokuwa akimsimulia mzee wa boma kuhusu mvua. Mtu aliyenifundisha kukamua ng'ombe alinitazama usoni kama unavyomtazama mhudumu wa hoteli. Mzee wa ukoo akanawa. Jirani yetu, aliyetangaza ofisi yangu kanisani, akanawa, akaniomba niongeze maji kidogo. Hawakuwa wamekonyezana. Hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kupanga na mwenzake. Nikazunguka chumba chote hivyo, beseni likizidi uzito, mpaka nikafika kwa Mama.

Aliweka mikono juu ya beseni. Nilikuwa ninamimina wakati mzee wa boma alipogeuka kumzungumzisha, kwa heshima, kama inavyompasa mwenyeji.

"Mama, na yule kijana wenu wa chuo? Tulisikia yuko ofisi Kisumu. Tulifikiri leo tutamwona."

Mama alisugua kidole kimoja, kisha kingine.

"Ofisi haikumpa ruhusa, Mzee."

"Kazi za siku hizi ni hivyo tu. Mpelekee salamu zetu, Mama. Mwambie tumemkosa."

"Zitafika," Mama akasema. Akakung'uta mikono, akachukua taulo begani mwangu, na akiwa ananirudishia akaniambia, "Asante, kijana."

Nina jina la baba yake. Tangu nizaliwe Mama huniita Baba, hata anaponigombeza, hata anaponituma dukani, na sikuwahi kumsikia akiniita vingine. Niliitikia, "Karibu, Mama," kama tulivyofundishwa kuwaitikia wageni, nikatoka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba. Nikamwaga yale maji kwenye mashina yake, nikasimama pale nikiwa na aibu mwili mzima, sijui niipeleke wapi. Watu wazima, watu wa kanisa, walikuwa wamesema uongo msibani, mbele ya wakwe, wakiwa na nguo zao nzuri, na walikuwa wameufanya kwa ustadi kwa sababu yangu. Nilitamani mmoja wao angenitukana. Kisha Mama Tenti akaita kutoka jikoni kwamba nyama ya wakwe inapoa, nikaenda kuichukua nirudi nayo ndani.