Chuma cha Bondeni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja mvua imekatika, mume wangu aliingia uani kwetu Gerezani akisukuma mkokoteni, anacheka mwenyewe. Juu yake kulikuwa na kidude cha chuma, kinene, kizito, kina kibandiko cha manjano kilichochubuka. Kakiokota bondeni, mto ulikofurika. Yeye alikuwa fundi majiko, na mimi nina mimba kubwa, siku yoyote najifungua.

"Nakikata leo leo," akasema. "Maji ya kumwogesha mtoto yatachemka kwenye jiko ambalo halipo Kariakoo nzima."

Basi nikajiona malkia!

Mama yake alikuwa ametoka Lindi kuja kunisubiria uzazi. Akakizunguka kile kidude, kanga kaikaza kiunoni.

"Kilikuwa cha nani?"

"Mama, kimetupwa. Cha bure."

"Hapa mjini hata msumari uliopinda unagombaniwa, halafu mtu atupe chuma kizima hivi? Aliyekitupa anakijua. Wewe hukijui."

Mume wangu akapandisha sauti. Mama wa watu akaketi mbele ya mkokoteni, kwenye tope hilo hilo. "Labda unikate mimi kwanza." Nami nikanuna, eti kizee kaja kunikosesha jiko langu!

Majirani wakamwita mjumbe, mjumbe alipokiona kile kibandiko akawapigia simu wataalamu. Walikuja na kimashine, kilipokaribia tu kikaanza kulia tatatata, wakatusogeza mbali wote. Ndani mlikuwa na sumu ya mionzi, wakasema, haionekani wala hainuki, na kingekatwa ingetapakaa ua mzima. Kule bondeni nako ilikuwa imeshaanza kuvuja. Wakachimba udongo wakaondoka nao, na mchicha wa watu ukang'olewa wote. Nilijishika tumbo nikalia.

Mume wangu akampigia magoti mama yake.

"Inuka," mama akamwambia, "nichemshie chai. Jiko letu bovu linatosha."

Mtoto alizaliwa mzima, kelele mpaka mtaa wa pili. Bibi yake ndiye aliyemwogesha.

Basi, mwanangu, mjini hapa utaonyeshwa vya bure vingi. Kabla hujakiingiza kitu nyumbani, uliza nani kakitupa, na kwa nini. Na mzee akikuzuia, hata kama hajui kueleza, msikilize kwanza. Mungu akulinde na usiyoyaona, mwanangu, na akujalie mtu wa kuketi kwenye tope kwa ajili yako.