Nilivyokula Masikio ya Nyambura

Mimi ndiye yule mtu mliyesikia alikula masikio kwenye ngurario, sherehe yetu ya kukamilisha ndoa, kule Tetu, na kwa kuwa habari imefika hadi Mweiga ikiwa imeongezwa mbuzi mzima, afadhali niieleze mwenyewe, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi karani wa kiwanda cha kahawa, miaka arobaini na saba na tumbo la kutosha. Daktari mmoja pale Nyeri mjini alinipima akaniambia nina ugonjwa wa sukari, niache ugali, viazi, mkate, chapati na kila kitu kilichowahi kunifurahisha (hilo la mwisho ni langu, si la daktari). Nyama na mboga niliruhusiwa, kwa hivyo njaa haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni mdomo, maana tangu utotoni mimi ni mtu wa kutafuna kitu kinacholia, ukoko wa ugali, krisps, mahindi ya kuchoma yaliyokauka kidogo, na sasa chakula changu chote kilikuwa laini, kinateremka kimya kimya kama dawa.

Basi nikaanza kutafuta mbadala. Karoti mbichi zilifanya niitwe sungura ofisini. Sukuma wiki nilizikausha juu ya jiko hadi zikavunjika zenyewe, nikala majivu. Mbegu za malenge zilikuwa nzuri, lakini mke wangu, Mama Wambui, alichoka kufagia maganda. Halafu Jumamosi moja, kwenye buchari fulani pale Ruring'u, mchomaji akanikatia sikio la mbuzi lililokauka vizuri motoni, nikauma, likalia kach, na nakiri nilifumba macho. Tangu siku hiyo masikio ya Jumamosi yakawa yangu, nawekewa kando.

Sasa, mpwa wangu Maina alikuwa anamwoa Nyambura wa Tetu. Baba yake Maina alishafariki, hivyo mimi mjomba ndiye niliyekuwa msemaji wa upande wetu. Mnajua ngurario ilivyo: bila bwana harusi kukata bega la mbuzi mbele ya watu, na kumlisha bibi harusi masikio kwa mkono wake ili wawe wakisikizana, wazee hawatambui ndoa, hata ungekuwa na cheti cha kanisa ukutani. Nayajua hayo yote. Si kwamba sikujua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo. Tulipofika tulipewa mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, sahani imejaa, na kwa kuwa sikutaka wakwe wajue ugonjwa wangu (mtu anayekataa chakula kwa wakwe huonekana anawadharau), nilisema naenda kwanza kuangalia nyama. Wachira, binamu yake Maina aliyekuwa akichoma, alikuwa amekwenda kuosha visu. Pale juu ya majani ya mgomba palikuwa na masikio mawili, yamekauka, yana rangi ile ninayoijua. Mbuzi waliochinjwa walikuwa wawili. Nikapiga hesabu ya karani: masikio manne, mawili ya sherehe, mawili ya ziada, na ya sherehe lazima yamefichwa mahali salama. Nikala moja. Lililobaki likaonekana limeachwa yatima, nikalitia mdomoni, na hapo hapo nikasikia naitwa kwenye hema.

Nilisimama mbele ya watu kama sitini, sikio shavuni. Mzee Gathogo, msemaji wa upande wa bibi harusi, akaniuliza kama tumeridhika na mapokezi. Nikaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Akangoja maneno. Nikatafuna mara moja, ikalia hadi mstari wa pili, nikameza, nikasema tumeridhika sana.

Maina akakata bega vizuri. Kisha Gathogo akasema masikio yaletwe, na Wachira akaja na majani matupu. Yale mengine mawili, kumbe, yalichemshwa na kichwa kwenye supu tangu asubuhi.

Hapo ningepaswa kusema. Badala yake nikasimama, msemaji mzima, nikasema pengine ni mbwa.

"Mbwa yetu imefungwa nyuma ya boma tangu jana," akasema Gathogo polepole. "Ama unataka kusema mbwa ya hii boma haina adabu?"

Wakamgeukia Wachira. Mama mmoja akasema huyo kijana anajulikana kwa kuonjaonja nyama. Wachira akaapa, hakuna aliyemsikiliza. Gathogo akasema basi tutarudi siku nyingine na mbuzi mwingine, leo hakuna kitu kimefanyika. Nyambura akainamisha kichwa. Maina akaniangalia mimi, maana ndiye niliyekuwa baba yake siku hiyo, na nikaona haya ambayo sijawahi kuona tena.

"Ni mimi nimekula," nikasema.

"Umekula nini?"

"Masikio."

"Yote mbili?"

"Yote mbili. Niko na ugonjwa ya sukari."

"Sasa sukari na masikio zinaingiliana wapi?" akauliza Gathogo, naye aliuliza kwa kutaka kujua kweli. Ikabidi nieleze, mbele ya watu waliokuwa wameshiba viazi, habari za wanga, karoti, mbegu za malenge, na uchungu wa kuishi bila kitu kinacholia mdomoni. Nyanya yake Nyambura akauliza, "Ati daktari ndio alikwambia ukule masikio ya bibi harusi?" Mama Wambui alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wazee wakatoka kando, wakakaa huko muda mrefu. Waliporudi, Gathogo hakucheka. "Masikio ni ya kusikiza," akasema. "Huyu mzee ameyakula, basi ni yeye atasikiza. Maina akikosea huyu msichana, msichana haendi kwa polisi wala kwa mama yake. Anakuja kwako wewe, mzee. Na wewe huwezi sema hukusikia."

Nikakubali. Maina akamlisha Nyambura kipande cha bega, watu wakapiga vigelegele, na Wachira hakunisalimia hadi Krismasi.

Nilidhani ni maneno ya hema tu. Wiki ya tatu Nyambura alikuwa jikoni kwangu: "Anko, nimekuja unisikize." Akaongea saa mbili kuhusu mama mkwe wake, ambaye ni dada yangu. Baadaye, msimu mmoja wa mvua, alikuja na mtoto mgongoni na begi la nguo, akaongea kidogo sana, na usiku ule nilielewa kwa nini wazee walikaa kando muda mrefu. Asubuhi nilikwenda kwa Maina. Nilimwambia yote niliyosikia, akalia, na baada ya mwezi mzima Nyambura akarudi kwake kwa hiari yake.

Juzi alipita tena, anacheka, ana kitu kimefungwa kwenye gazeti. Masikio mawili ya mbuzi, yamekauka vizuri.

"Haya ni yako, anko. Yangu ulimaliza."

Nimeapa sitakula sikio lingine kabla ya kuuliza mwenyewe ni nani, kwa hivyo niliuliza. Ndipo nikauma, na huku natafuna, akavuta kiti akaanza, "Sasa anko, juu ya Maina..."