Mwaka Ambao Baba Hakujua Siku ya Kupanda

Baba yangu, Simeoni Kitundu, hakuwa mganga wala mtabiri. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la pili, akaacha kwa sababu ng'ombe wa nyumbani hawakuwa na mchungaji. Aliweza kusoma Agano Jipya polepole, kidole kikitangulia. Na kulikuwa na jambo jingine moja alilolijua, ambalo majirani wote walimtegemea kwalo: siku ya kupanda.

Tulikaa chini ya mlima, huko Iramba, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka barabara ya Kiomboi. Nyumba yetu ilikuwa tembe la dari bapa la udongo alilojenga babu. Upande wa mashariki, juu ya mgongo wa mlima, yalisimama mawe mawili makubwa, na kati yao palikuwa na uwazi. Mvua zikikaribia, Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, huchomoza upande huo jioni. Siku kitakapoonekana ndani ya uwazi ule wakati watu wanamaliza kula, kesho yake mbegu zinatiwa ardhini zingoje mvua. Ukiwahi, mchwa na ndege watazimaliza. Ukichelewa, jua litaukuta mtama haujakomaa. Hayo baba alifundishwa na mama yake, na bibi alifundishwa na watu ambao mimi sikuwakuta.

Jioni za kungoja Kilimia zilikuwa kama sikukuu kwetu. Mama alitandika ngozi ya ng'ombe kwenye kiwanja cha kupuria, tukala hapo ugali wa uwele na mlenda, kisha tukalala chali, bibi katikati, mimi huku na mdogo wangu Ignas kule. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Nyota hakuziona tena, kwa hiyo alitutumia sisi.

"Felista, ile njia nyeupe ya nyota imefika wapi?"

Nikimweleza anaitikia "Eee," kwa sauti ya mtu anayekubaliana na kitu alichokwisha kukiona. Asubuhi majirani wakipita njiani walimuuliza baba, "Simeoni, vipi?" Naye alijibu neno moja, "Bado," au "Tayari." Sikumsikia hata mara moja akisema neno la tatu.

Mwaka 1974 ukaitishwa mkutano. Tuliambiwa kwamba watu wanaokaa mbalimbali milimani watahamia kijiji kipya bondeni, karibu na barabara, wapate shule, zahanati na maji. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakupinga. Wengine walipinga, yeye alirudi nyumbani akaendelea kukarabati zizi. Mama alipomuuliza amefikiri nini, alisema, "Watatuacha tupande kwanza. Hakuna mtu anayehamisha watu msimu wa kupanda."

Mwanzoni mwa Novemba lori likaja na mgambo saba. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alimwamkia bibi shikamoo kabla ya kuanza kubomoa dari. Walisema dari ikibaki watu watarudi. Vumbi la udongo wa miaka thelathini likajaa uani. Vihenge vyetu vilikuwa vikubwa mno kuingia kwenye lori, basi tulijaza magunia tuliyokuwa nayo, na mtama mwingine ukabaki. Bibi alipakiwa akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili. Baba hakupanda nasi. Yeye na jirani yetu Bonifasi waliswaga ng'ombe kwa miguu, wakatukuta usiku.

Kijiji kipya kilikuwa mbuga tambarare yenye vijiti. Kila kijiti kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa kaya. Tukashushwa kwenye kijiti chetu, lori likaondoka kwenda kuchukua wengine. Hapakuwa na nyumba hata moja. Mama aliegemeza magunia kwenye mti wa mgunga, akayafunika kwa ngozi, akatuambia tulale.

Usiku ninaotaka kuusimulia ni wa tano tangu tufike. Mwezi haukuwepo. Mbuga nzima ilikuwa nje, kaya kwa kaya, kila moja na moto wake mdogo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na paa, kila mtu alikuwa akitazama juu. Nyota zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuziona mlimani, kwa sababu hapa hakuna kilichozikinga. Zilianzia chini kabisa, pale ardhi inapoishia, zikatuzunguka pande zote. Ignas aliogopa. Alijisogeza kwa bibi akaficha uso kwenye kaniki yake.

Tulikuwa tumemaliza kula. Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, ameelekea mashariki. Kilimia kilikuwa kimeshachomoza. Mimi mwenyewe nilikiona, kimeinuka juu ya mbuga, peke yake, bila kitu chochote chini yake.

"Kimefika wapi?" bibi akauliza.

Baba alinyoosha mkono akakunja ngumi, akaiweka juu ya ukingo wa ardhi, akaweka na ngumi ya pili juu yake. Akashusha mikono, akasogea hatua chache kushoto kana kwamba ataona vizuri zaidi, akarudia tena.

"Simeoni, nakuuliza."

"Kiko juu ya ardhi kama ngumi mbili, mama."

"Na mawe?"

"Mama, mawe hayapo hapa."

"Najua hayapo. Sijawa mjinga. Nakuuliza, kama yangekuwepo, kingekuwa kimefika wapi?"

Baba alikaa chini kwenye kona ya ngozi. Wakati huo watu walikuwa wameanza kuja. Alitangulia Bonifasi, akafuata Mzee Melkizedeki ambaye kijiti chake kilikuwa cha pili kutoka chetu, kisha wanaume wengine watatu au wanne wa mlimani kwetu. Walisalimia bibi mmoja mmoja, wakachuchumaa. Walizungumza kidogo habari za maji, kwamba kisima kina tope. Mwishowe Mzee Melkizedeki akasema, "Haya, Simeoni. Vipi?"

Nilimtazama baba. Moto ulikuwa umefifia lakini uso niliuona.

"Sijui," akasema.

Bonifasi alicheka kidogo, akidhani ni mzaha.

"Sijui," baba akarudia. "Nilikuwa nakipima kwa mawe. Hapa sina cha kukipimia. Kinaweza kuwa bado, kinaweza kuwa kimepita. Nikiwaambia neno nitakuwa nadanganya."

Mzee Melkizedeki alitazama juu muda mrefu. Wakati ule ule nyota moja ilikatiza mbingu, inatembea taratibu bila mkia, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ignas alitoa uso akauliza ile ni nini. Bonifasi akasema ni chombo cha Wazungu, walitangaza redioni, wanavitupa huko juu vinazunguka dunia. Ignas akamgeukia baba athibitishe, kama alivyozoea.

"Hata hiyo siijui," baba akasema.

Tuliifuata kwa macho mpaka ikapotea. Kisha mama akasema kile walichokuwa wakikifikiria wote. "Hata tukiijua siku, tutapanda wapi? Mashamba hayajagawiwa. Na mvua ikija leo, huyu mama tutamweka wapi?"

Nilikuwa na miaka tisa, na hilo lilinishika mpaka usingizi ukanikimbia. Tulikuwa tunaiomba mvua kwa ajili ya shamba na tunaiogopa kwa ajili ya bibi na unga. Sikujua niombe nini. Nililala macho wazi karibu na bibi, naye hakuwa amelala. Alikuwa akinong'ona kwa Kinyiramba majina ya nyota, moja baada ya jingine, taratibu, na baada ya kila jina alisita, kama anangoja nimwambie iko wapi. Nyingine nilizipata. Nyingine nilimdanganya.

Kesho yake mchana baba alimwambia mama anakwenda kumtafuta ndama aliyepotea. Hakukuwa na ndama aliyepotea. Mama alimjua mumewe.

"Baba Felista, wamekataza kurudi kule."

"Sirudi kukaa. Naenda kutazama, usiku mmoja."

Yaliyofuata tuliyajua kwa kusimuliwa na yeye mwenyewe. Alifika jua likizama, akakaa peke yake kwenye kiwanja cha kupuria mbele ya kuta zisizo na dari. Alingoja mpaka wakati wa kumaliza kula, ingawa hakuwa na chakula. Kilimia kilikuwa kimeshaupita uwazi wa mawe. Kilikuwa juu ya jiwe la kaskazini, kinaelekea kuliacha. Siku ya kupanda ilikuwa imepita kwa siku tano au sita, maana yake ilikuwa siku ile ile ya lori au kesho yake. Halafu akaenda kwenye kihenge, akajaza mtama wa mbegu kwenye mkoba wa ngozi, akalala humo humo ndani ya tembe lililobomoka. Mgambo wa zamu walimkuta alfajiri akitoka.

Walimweka katika ofisi ya kijiji, banda la mabati lililokuwa jengo pekee pale mbugani. Waliandika kwamba amekutwa amerudi makazi ya zamani. Mama alinituma na kibuyu cha uji, na mgambo akanionyesha dirisha. Baba alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Alikunywa uji wote bila kupumzika. Aliponirudishia kibuyu alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie bibi kimeshapita." Nikamuuliza, "Na majirani niwaambieje?" Akafikiri. "Waambie hivyo hivyo. Lakini si haraka."

Walimwachia siku ya tatu, baada ya kuchimba shimo la choo cha shule. Mbegu hawakumrudishia, katibu wa kijiji alisema zitaingia kwenye shamba la kijiji. Katibu huyo alikuwa kijana mpole aliyetoka Singida mjini, na alipoulizwa mashamba yatagawiwa lini alisema anamngoja bwana shamba aje na kamba ya kupimia. Bwana shamba alikuwa kijiji kingine. Kulikuwa na vijiji vingi mwaka ule na kamba chache.

Mvua ilikuja wiki ya kwanza ya Desemba, ikanyesha siku nne. Ingekuwa mvua nzuri. Baba alikuwa ameshasimamisha nguzo na kuezeka nyasi upande mmoja, na upande huo tulimweka bibi na unga. Sisi wengine tulikaa chini ya ngozi, maji yakipita katikati ya miguu yetu. Baba hakukaa na sisi. Alisimama nje kwenye ile mvua, akiitazama inavyoingia katika ardhi isiyo na mbegu. Mama alimwita mara mbili, kisha akaacha.

Baada ya siku hizo nne mbingu ilifunguka, jua likakaa. Mashamba yaligawiwa Januari. Tulipanda mahindi tuliyopewa na mtama kidogo wa kuomba, vikaota kufikia magoti, vikakauka.

Bibi alianza kukohoa tangu ile mvua na hakuacha. Zahanati ilikuwa bado ni msingi wa mawe. Baba alipanga ampeleke hospitali Kiomboi, akangoja siku mbili barabarani kwa ajili ya gari, na gari lililopita lilikuwa limejaa vijana wa kujenga taifa. Siku ya tatu bibi alikataa kubebwa tena mpaka barabarani. Alifariki mwezi wa pili, asubuhi, mama akimkanda mgongo.

Babu alikuwa amezikwa mlimani, kando ya zizi la zamani, na bibi alikuwa ametuambia sote kwamba atalala hapo. Baba alivaa shati lake la kanisani akaenda ofisini. Mimi nilimfuata. Alisema, "Nimekuja kuomba ruhusa nimpeleke mama yangu kwa baba yangu." Katibu alimpa kiti. Alimsikiliza vizuri, na nadhani alisikitika kweli. Alisema ruhusa angeitoa yeye, ila lori halina mafuta, na watu wa kubeba mwendo wa saa nne hawezi kuwaruhusu, kwa sababu wiki nzima ilikuwa ya kazi ya shamba la kijiji na wakubwa wa wilaya walikuwa wanatazamiwa.

"Ningembeba mwenyewe," baba akasema, "lakini siwezi peke yangu."

"Pole sana, mzee," katibu akasema.

Baba alikuwa na miaka arobaini na mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia mtu akimwita mzee.

Tulimzika bibi mbugani, mahali palipowekewa vijiti vinne kuwa makaburi. Alikuwa wa pili kuzikwa hapo. Mwinjilisti alisoma, Bonifasi na Mzee Melkizedeki wakashika majembe, na udongo mweusi ulikuwa mgumu hata kaburi lilichimbwa tangu asubuhi mpaka alasiri.

Kesho yake kaya yetu ilikuwa na zamu katika shamba la kijiji. Mama alimwambia baba akae, yuko msibani, hakuna atakayemlaumu. Baba alikuwa akifunga kamba ya jembe lililolegea.

"Nikikaa nitafanya nini?" akasema.

Akatoka. Mama alinitazama, akanipa kibuyu cha maji, nikamfuata.