Kansa Iliyoniacha Ikamchukua Zuhura

Mimi naitwa Mariamu. Wengi wenu mnanijua kwa cherehani yangu, maana watoto wenu wamevaa sare nilizoshona. Mmeniomba nizungumze kuhusu ugonjwa wangu na jinsi nilivyopona. Nimekubali, lakini siwezi kuusimulia ugonjwa wangu bila kusimulia wa ndugu yangu. Nikinyamaza kidogo katikati, mnivumilie. Nitaendelea.

Nilizaliwa hapa Thika, mtaa wa Kamenu. Baba alitoka Kitui akiwa kijana, akaja kutafuta kazi viwandani, na huku ndiko alikosilimu. Mama ni Mkikuyu wa Murang'a, yeye alisilimu alipoolewa. Walijaliwa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu Zuhura. Baba alifariki tukiwa bado shuleni, na Mama akatulea kwa kuuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na lango la kiwanda.

Zuhura aliolewa Ruiru na Athumani, dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa. Alikuwa akiuza nyanya na vitunguu sokoni. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Ukiingia soko la Ruiru ulimsikia kabla hujamwona, anacheka, anabishana na wateja, anaita kila mama "mrembo." Alikuwa na mtoto mmoja, Nuru. Mimi sikupata mtoto, na mume wangu tuliachana kwa sababu hiyo, nikarudi kuishi na Mama. Maisha yalikuwa ya kawaida. Nilikuwa na afya. Nilikuwa na nguvu za kukanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jioni bila kulalamika mgongo.

Siku moja nikioga nilishika titi langu la kushoto nikasikia kitu kigumu, kama mbegu ya parachichi chini ya ngozi. Hakikuuma. Kwa sababu hakikuuma, nikakiacha. Miezi ikapita. Chuchu ikaanza kuingia ndani, kama mtu anaivuta kwa uzi. Kisha nikaona doa la maji ya manjano kwenye sidiria. Hapo nikaogopa.

Sikumwambia Mama. Nilienda Ruiru kwa Zuhura, tukaingia chumbani, nikafungua vifungo vya blauzi.

"Hebu shika hapa," nikamwambia.

Alishika. Alibonyeza polepole kwa vidole viwili. Halafu akachukua mkono wangu akauingiza chini ya nguo yake, kwenye titi lake la kulia.

"Na hii?" akauliza.

Yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Ilikuwa imejaa kiganja changu.

"Tangu lini, Zuhura?"

"Tangu nimwachishe Nuru ziwa. Nilidhani ni maziwa yameganda."

Nuru wakati huo alikuwa ameshaanza shule ya nasari. Tulikaa kitandani pale, kila mmoja akifunga vifungo vyake, hatutazamani.

Hospitali ya kwanza ilituandikia barua kwenda Nairobi. Huko tulipata daktari wa upasuaji, Daktari Mugo, mtu wa sauti ya chini. Alituchoma sindano ya ganzi, kisha akatoa kipande kidogo cha nyama kwenye titi la kila mmoja. Tuliporudi kwa majibu alituita pamoja, kwa sababu Zuhura alikuwa amemwambia hatutengani.

"Nyote wawili mna kansa ya matiti," alisema. "Tutakata. Tukisubiri itasambaa."

Zuhura akauliza, "Ni ya ukoo wetu?"

"Inaweza kuwa. Sina njia ya kuwahakikishia."

Tulikatwa sote katika wiki moja, tukalala wodi moja. Niwaambie wazi, kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Ukiamka unahisi jiwe limelazwa kifuani. Kuna mpira mdogo unatoka ubavuni, unatoa damu na maji kwenye chupa. Mkono hauinuki. Siku ya kwanza muuguzi alipofungua bandeji sikutazama. Siku iliyofuata nilitazama. Pale palipokuwa na titi palikuwa bapa, na mshono mrefu mpaka kwapani. Zuhura, kutoka kitanda chake, akaniambia, "Sasa mimi na wewe tukisimama bega kwa bega tunapata mwanamke mmoja mzima." Wodi nzima ilicheka. Usiku huo nilimsikia akilia kwa kujifunika shuka.

Baada ya wiki kadhaa tulirudi kliniki. Daktari Mugo alisema nyama iliyokatwa ilipelekwa kwenye kipimo kingine, kipimo ambacho wakati huo hospitali nyingi hazikuwa nacho. Nitawaeleza alivyotueleza, kwa sababu ndilo jambo nililotaka hasa mlisikie leo.

Alisema kansa ya titi ina jina moja lakini si ugonjwa mmoja. Kuna kansa ambayo seli zake zina vipokezi, yaani mahali pa kupokea homoni ya kike inayotoka mwilini mwetu wenyewe. Homoni hiyo inaingia pale na kuilisha kansa. Na kuna kansa ambayo haina vipokezi hivyo kabisa. Ukiziangalia kwa macho zote ni uvimbe. Mpaka nyama itiwe dawa ya rangi maabara ndipo unajua ni ipi.

"Mariamu, yako ina vipokezi vingi," alisema. "Nitakupa vidonge vinaitwa tamoksifeni. Vinakaa mlangoni, homoni inakosa pa kuingia, kansa inakosa chakula. Utameza kimoja kila siku kwa miaka."

Kisha akamgeukia Zuhura.

"Zuhura, yako haina. Vidonge hivi havina pa kushika kwako. Tutakupa dawa ya dripu."

"Kwa hiyo yangu inakula nini?" Zuhura akauliza.

"Sijui," daktari akasema. "Bado hatujui."

"Ni mbaya zaidi?"

"Ni ngumu zaidi. Sitakudanganya."

Hivyo tukaanza matibabu, kila mmoja na yake. Mimi nilimeza kidonge asubuhi na chai. Kilinipa joto la ghafla, jasho likanitoka usoni kama niko jikoni, na hedhi ikavurugika. Mkono wa kushoto ulivimba, nikajifunza kushona kidogokidogo. Hayo ndiyo yalikuwa mateso yangu. Zuhura alikaa kwenye kiti cha hospitali, dawa nyekundu ikiingia kwenye mshipa. Alitapika njia nzima kurudi Ruiru. Nywele zilitoka kwa mafungu, akabaki na kichwa laini. Vidonda vilimjaa mdomoni mpaka uji ulimchoma. Aliacha soko.

Mama aliona yote hayo. Kila alipokwenda Ruiru na kurudi, aliona mtoto mmoja anaendelea kupata nguvu na mwingine anaisha. Jioni moja tukiwa Kamenu alichukua chupa yangu ya vidonge akaiweka mezani mbele yangu.

"Mariamu, hizi dawa ni nyingi. Mgawie mwenzako nusu."

"Mama, daktari alisema hazitamsaidia."

"Daktari hakuwazaa. Mimi ndiye niliyewazaa. Mlitoka tumbo moja, mkanyonya ziwa moja, mkapata ugonjwa mmoja. Itakuwaje dawa imtibu mmoja ikatae mwingine?"

Nilijaribu kueleza habari ya vipokezi. Maneno yalinipotea. Hata masikioni mwangu mwenyewe yalisikika kama maneno ya mtu mchoyo.

"Basi," Mama alisema. "Nimeona ulivyo."

Baada ya hapo alinipikia, alinifulia, lakini hakuzungumza nami. Ugonjwa wenyewe haukuniuma kama ukimya ule.

Nilimwambia Zuhura. Nilimkuta kwake Ruiru amelala kwenye mkeka, kitambaa kichwani.

"Hata mimi nimewaza," akasema. "Nikikuona unameza, ninawaza. Siwezi kukuficha."

"Nikuletee basi. Nitakuletea kesho."

"Hapana, dada. Usiniletee. Sitaki kukaa nikingojea dawa isiyonijua." Kisha akasema, "Mama ndiye tumpeleke akaone mwenyewe."

Kliniki iliyofuata tulienda watatu. Zuhura akamwambia daktari, "Mama yetu hajaridhika." Nilidhani daktari atakasirika. Badala yake alisimama akatuongoza mpaka maabara. Kulikuwa na mpimaji, mama mmoja wa makamo, akasikiliza, akatafuta vipande viwili vya kioo kwenye sanduku. Aliweka kimoja chini ya hadubini, akamkalisha Mama kwenye kiti, akamfundisha kufumba jicho moja.

"Cucu, unaona nini?" akamuuliza, akimwita bibi kwa Kikikuyu.

Mama alichukua muda. "Naona madoa. Ya kahawia. Mengi, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kikombe."

"Huyo ni Mariamu. Hayo ya kahawia ndiyo vipokezi. Dawa yake inashika hapo." Akabadilisha kioo. "Na sasa?"

"Bluu," Mama akasema. "Bluu tupu."

"Hiki ni kipande cha Zuhura."

Mama hakuinua kichwa. "Sogeza kidogo," akamwambia mpimaji.

Mpimaji akasogeza.

"Sogeza tena. Huko kando labda kuna ya kahawia."

Akasogeza tena. Mama aliendelea kutazama, jicho moja amefumba, mkono ameshika ukingo wa meza. Yule mpimaji hakumharakisha. Alisogeza kioo huku na huku, kila mahali Mama alipotaka, mpaka kipande chote kikaisha. Hakukuwa na doa la kahawia hata moja. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Aliyaona yote.

Tulipotoka nje Mama alisimama kwenye ujia, akafungua kitambaa cha Zuhura kilichokuwa kimelegea, akakifunga upya vizuri. Tukirudi nyumbani aliniuliza kama mkono umepata nafuu, na nikajua tunazungumza tena.

Dawa ya dripu ilimpa Zuhura muda. Alirudi sokoni kwa miezi michache, nywele zikaanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Tulianza kutumaini. Halafu kikaja kikohozi. Athumani alidhani ni baridi. Picha ilionyesha kansa imefika kwenye mapafu. Madaktari walimtoa maji ya kifuani kwa sindano mgongoni, siku mbili anapumua, kisha yanajaa tena. Alilala ameketi, ameegemea mito. Nilihamia Ruiru kumwogesha. Mifupa yake niliihisi yote kupitia kitambaa cha kuogea.

Asubuhi moja aliniambia, "Nuru usimwachie mtu mwingine. Athumani ni mwema, lakini ataoa."

"Sitamwacha."

"Na umwambie ukweli. Usimwambie nilirogwa."

Alifariki ile miezi ya mvua ya Elninyo. Tulimzika siku hiyohiyo. Kaburi lilikuwa likiingia maji, wanaume wakayateka kwa ndoo wakati sisi wanawake tumekaa nyumbani, tunasikiliza mvua kwenye mabati.

Sasa niwaambie sehemu ambayo huwa nairuka. Baada ya mazishi niliacha vidonge. Sikuamua. Nilifungua chupa, nikatazama, nikafunga. Nilihisi kila kidonge ni mlango niliofunguliwa mimi na yeye akafungiwa. Watu walikuja kunipa pole wakisema, "Shukuru Mungu wewe umepona," nami nikatamani waondoke.

Mama alihesabu vidonge bila kuniambia, akaona havipungui. Asubuhi akaja kitandani kwangu na kikombe cha maji, na kidonge kwenye kiganja.

"Meza."

"Mama, sitaki."

"Nilimtafutia Zuhura dawa hii kwenye kile kioo mpaka macho yakaniuma. Sikuiona." Akanisukumia kikombe. "Kwako niliiona kwa jicho langu mwenyewe. Nimezika mmoja. Meza."

Nikameza. Alikuja na kikombe kile kila asubuhi mpaka nilipoweza mwenyewe.

Mpaka leo bado natumia vidonge hivyo. Juzi Daktari Mugo alinipima kifuani, kwapani na ini, akasema haoni kitu. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari ambaye hakutudanganya, na yule mpimaji ambaye hata jina lake sikuuliza. Zaidi ya wote namshukuru mama yangu.

Akina mama, ninawaomba. Jishikeni matiti mkioga. Uvimbe usiouma ndio wa kuogopa zaidi, na maziwa hayagandi miaka. Ukikatwa, usikubali nyama yako itupwe. Uliza imepimwa nini, na majibu yamesemaje. Wakikwambia kipimo hakipo hapa, uliza kiko wapi. Na usimeze dawa ya jirani kwa sababu yeye ilimponya. Na kama wewe ndiye uliyepona, usimwambie aliyefiwa kwamba mgonjwa wake hakuwa na imani ya kutosha. Zuhura alikuwa na imani kuliko mimi.

Nuru anaishi nasi Kamenu. Anajua kutia uzi kwenye sindano na anapenda kuongea, kama mama yake. Juzi nilikuwa nikibadilisha nguo akaingia, akaona kovu langu. Aligusa kwa kidole.

"Mama mkubwa," akauliza, "na mimi nitaugua?"

Niliketi ili tuwe sawa kwa urefu. Nilimwambia sijui. Nilimwambia akikua tutakwenda pamoja kwa daktari, tutauliza kila kitu, na sitamwacha aingie peke yake.

Akafikiri. "Sawa," akasema, akaenda kucheza.