Tindo ya Baba Mdogo

Sisi ni akina Tindo, jina lile lile la chuma cha kuchongea mawe, na baba mdogo ndiye anayelibeba kwa mbwembwe kuliko sote. Ni fundi mawe wa miaka hamsini na ushei. Mikono yake sina la kuisema. Kichwa chake ndicho kigumu kuliko mawe yenyewe.

Tindo yake, anayodai kurithishwa na marehemu babu, imenolewa miaka nenda rudi hadi imebaki urefu wa kidole. Akiinua nyundo, sote tunakunja sura kwa kulihurumia dole gumba lake. Mama mdogo alimnunulia mpya, yeye akaitundika msumarini.

"Tindo hachongi kwa chuma cha dukani," akatangaza.

"Basi dole litaisha kabla ya jiwe," mkewe akamjibu.

Tungeendelea kucheka, ila bibi, mama yake mzazi, alianguka akivuka kizingiti kirefu cha chumba chake, akavunjika nyonga. Hospitali wakasema atarudi Jumamosi, na bila kidaraja cha kukanyagia asithubutu kuuvuka mlango ule. Baba mdogo akaapa kuchonga kimoja cha jiwe. Alhamisi dole likavimba. Ijumaa likafungwa kitambaa. Jumamosi asubuhi bibi akateremshwa garini na mkongojo wake, jiwe likiwa nusu tu. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka.

Tukamketisha kwenye kiti uani, mbele ya mlango asioweza kuuingia. Akaomba ile tindo, akaigeuzageuza.

"Hii? Baba yako hakufanya kazi na tindo iliyopungua shubiri hata siku moja. Hii aliitupa, wewe ukaiokota. Ulikuwa huna hata meno ya mbele, unamfuata nayo kila aendako. Usiku unalala nayo."

Baba mdogo akajifuta macho kwa ule mkono wenye kitambaa.

"Haya, kachukue ile ya mkeo," bibi akamwambia. " Mgongo unaniuma."

Baba mdogo akaitungua msumarini. Alichonga bila kupumzika hadi alasiri, na mama mdogo akapita mbele yake mara tatu bila shughuli yoyote.

Jiwe lilipokaa sawa, bibi akamshika mwanawe bega, akakanyaga, akavuka. Baba mdogo akanyoosha mkono arudishiwe kipande chake cha tindo.

"Hii nakaa nayo mimi," bibi akamwambia, "mpaka ukue."