Mtoto wa Mbwa Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Wiki ile milio ya bunduki iliposogea karibu na Goma, wifi yangu alivuka mpaka wa Grande Barrière asubuhi akiwa na begi moja na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha sokoni. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alimkumbatia, kisha akachungulia kikapuni na kurudi nyuma. Nyumba yetu ya Mbugangari, upande huu wa mpaka, ni ya Waislamu, na mbwa hakuwahi kufugwa hapo.

Wifi alikunywa chai amesimama. Mumewe alikuwa amebaki kulinda duka lao na simu yake haikupatikana, kwa hiyo alitaka kurudi kumchukua. Tulimsihi, hakusikia. Langoni alinishika mkono.

"Usimupige," aliniambia. "Ukimupiga atajua kuogopa tu. Akifanya vizuri, umupe sambaza palepale."

Jioni ile, yeye akiwa ng'ambo, mpaka ulifungwa.

Mama mkwe alitoa sharti moja: mbwa akae uani, asivuke kizingiti, maana chumba cha mbele ndicho anachoswalia. Nilitandika gunia nje ya mlango, karibu na cherehani yangu. Kila mtoto wa mbwa alipolikanyaga nilisema "vema" na kumpa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, niliokuwa nimewakausha. Akiondoka sikumgombeza. Nilingoja arudi mwenyewe. Akajua upesi kwamba pale kuna faida.

Asiyetulia nilikuwa mimi. Nilishona, nikafumua, nikapiga simu isiyoita, nikatembea hadi karibu na mpaka, nikarudi bila habari. Nikianza somo nikiwa hivyo, sauti ilitoka kali bila kukusudia, naye alilaza masikio na kujificha nyuma ya pipa la maji. Ikabidi nimfundishe kidogo kidogo, muda wa kumaliza kikombe cha chai, na kuacha angali anafurahia.

Kisha vishindo vikaja vikubwa, mabati yakatetemeka. Mtoto wa mbwa alijikojolea akitetemeka. Nilikaa chini kando yake na kila kishindo kiliposikika nikaweka sambaza mbele yake, bila kumvuta wala kumsemesha sana. Mwanzoni hakuwagusa. Baadaye alikula mmoja. Kesho yake, kishindo kikilia, aligeuka kuutazama mkono wangu. Mama mkwe, aliyekuwa ndani na tasbihi yake, aliniuliza kupitia dirishani kama mbwa amekula. Siku nzima hakuuliza jambo jingine.

Milio ikanyamaza, na mpaka ulipofunguliwa nikawa nasimamisha mashine kila lango likigongwa. Hatimaye aliingia wifi, amekonda, na mumewe nyuma yake, mkono umefungwa bandeji. Mtoto wa mbwa alisimama, mwili mzima ukimchezacheza, akapiga hatua, kisha akakaa tena juu ya gunia na kunitazama. Alikuwa akingoja ruhusa yangu. Nilichelewa kuitoa.

"Haya," nikasema.

Alimrukia wifi kwa nguvu mpaka wifi akakaa chini kwenye ule mchanga mweusi wa uani, akicheka na kulia pamoja.

Baada ya kula, wifi alieleza kwamba nyumba yao haina mlango tena, lakini watarudi Goma wiki inayofuata, na mbwa wataenda naye. Mama mkwe alikuwa akitoka na birika la kutawadhia, akasimama kizingitini.

"Huyu imbwa asihamishwe tena," alimwambia binti yake. "Atatishika. Na we ubaki naye hapa."

Wifi alimtazama mumewe. Mumewe alisema watabaki kwanza, wataona.

Sasa wamepanga vyumba viwili mtaani kwetu, na wifi huvuka mpaka kila asubuhi kwenda kufungua duka. Saa yake ya kurudi ikipita kidogo, nasimama, naenda langoni, narudi kwenye mashine, na ninachoshona hakinyooki.